Maneno Mafupi na Sakafu ya Mwatima

Hadithi iko mlangoni, mfungulieni. Mkiitikia itakaa, msipoitikia itarudi ilikotoka, na hakuna atakayeifuata.

Zamani, kabla watu hawajajua kujenga kwa mawe, maneno yetu hayakuwa na mdundo mmoja. Kila mtu alilikandamiza neno alipopenda. Mmoja alilibonyeza kichwani, mwingine mkiani, wa tatu alilipitisha lote sawasawa kama anayekoroga uji. Hakuna aliyeona ubaya. Nyumba zilikuwa za miti na makuti, na makuti hushonwa na mtu aliyekaa pake peke yake, akiimba atakavyo au akinyamaza kabisa. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kwenda sambamba na mwenzake.

Siku hizo maneno mafupi yalikwenda bila msaada. Sisi leo tunasema anakula, amekunywa, mvua inakuja. Wao walisema anala, amenywa, mvua inaja. Mtu akifariki walisema amefa, basi, wakaenda kuchimba kaburi. Msicheke. Wao wangewasikia ninyi na hizo ku zenu wangecheka zaidi.

Halafu ukaja mji wa Pangajuu. Mji huo ulikuwa na desturi yake: binti haondoki kwao. Akiposwa, wazazi humjengea vyumba juu ya nyumba ya mama yake, na mume ndiye anayehama na mkeka wake. Kwa hiyo nyumba zilipanda juu badala ya kusambaa, na nyumba inayopanda juu haivumilii makuti. Ndipo wakaanza kujenga kwa mawe.

Kusimamisha ukuta wa mawe si kazi sana kwa anayejua. Kazi ni paa, ambalo kwa anayeishi juu ndilo sakafu. Walitandika boriti kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya boriti wakapanga mawe bapa, na juu ya mawe wakamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto na udongo mwekundu. Mchanganyiko huo ukiachwa ukauke wenyewe hupasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Sharti upigiliwe ungali mbichi, siku baada ya siku, mpaka maji yaishe ndani yake na ugumu uingie. Waliopigilia ni wanawake, wamechuchumaa safu mbili zinazotazamana, kila mmoja na kibao cha mti chenye mpini mfupi. Kibao hicho walikiita kipande.

Sasa, vipande vikianguka pamoja, boriti hutulia ukutani na chokaa hushikana. Vikianguka ovyo, boriti hutikisika, na ndani ya chokaa hubaki nyufa ambazo jicho halizioni mpaka mvua izionyeshe. Kwa hiyo waliimba, maana wimbo ndio unaoshika mikono ya wengi. Na kwa kuimba pamoja mwaka baada ya mwaka, bila mtu yeyote kutoa amri, wote walijikuta wanalikandamiza neno mahali pamoja, karibu na mwisho, hatua moja kabla halijatua. Kipande, pigo likaanguka kwenye pa. Chokaa, kwenye ka. Sakafu, kwenye ka vilevile. Wakishuka kutoka darini walikwenda sokoni na kisimani wakisema hivyohivyo, kwani ulimi uliokwisha kuzoea kazi hauachi kazi yake ngazini. Watoto wakadhani lugha ndivyo ilivyoumbwa.

Mjini humo aliishi mwanamke aitwaye Mize, mjane, mwenye binti mmoja tu. Binti huyo ni Mwatima. Mumewe Mize, Faki, alikuwa mwashi. Msimu mmoja wa masika aliitwa kuangalia paa linalovuja katika nyumba ya mtaa wa pili. Aliingia chini yake na taa mkononi, akainua kichwa atafute ufa, na paa likashuka. Walimtoa akiwa hana tena uhai. Watu wakasema chokaa haikuiva tanurini, wakasema ni siku yake, wakamaliza matanga. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu wakati huo Mize hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kutazama juu kwanza.

Paa lile lililomwua Faki lilipigiliwa na wanawake wa mtaa wote, na aliyeongoza wimbo alikuwa Kazija, dada yake Mize mkubwa. Hilo lilijulikana na kila mtu. Hakuna aliyelisema, kwani hakuna aliyeliona kuwa ni jambo la kusema. Kazija alikuwa na sauti inayovuka mitaa, na katika kila nyumba iliyojengwa Pangajuu yeye ndiye aliyeanza, wengine wakaitikia.

Mwatima akaposwa. Mize alijenga kama desturi inavyotaka, juu ya nyumba yake mwenyewe. Alimwita Fundi Vuai, aliyewahi kufanya kazi na marehemu Faki, na kuta zikasimama vizuri, boriti zikatandikwa, chokaa ikapandishwa. Harusi ilipangwa kabla ya masika. Mwatima alikwishawekwa ndani, mwali haonekani barabarani, akawa analala katika vyumba hivyo vipya, chini kabisa ya ile kazi. Paa lile likishindwa lingempitia binti kwanza, kisha mama. Mize aliwaza hilo kila alipoweka mguu kwenye ngazi.

Siku ya kwanza ya kupigilia, Kazija alisimama katikati ya safu mbili, akaanza:

Piga kipande kipige,
Chokaa isichelewe,
Mvua inaja, dada.

Wanawake wakaitikia, vipande vikaanguka, na mtaa mzima ukajua kwamba Mwatima anajengewa. Mize alipiga na wenzake mpaka mikono ikafa ganzi. Alifurahi. Jioni alishuka kumpelekea binti yake chakula, akamkuta amejifunika kanga kichwani kama mtu anayekwepa manyunyu.

"Una nini, mwanangu?"

"Vumbi, mama. Linashuka kutoka kwenye boriti."

"Sakafu ikipigiliwa hakukosi vumbi."

"Najua, mama. Lakini halishuki wakati wote. Mnapiga, mnapiga, naona safi tu. Mkifika pale pa mvua, linanimwagikia."

Mize aliinua macho kama kawaida yake. Boriti zilikuwa zimetulia, kimya, kama hazijasengenywa. Asubuhi alimwambia Fundi Vuai, naye akapanda, akainama, akapitisha kiganja juu ya chokaa taratibu kama mtu anayepapasa tumbo la mgonjwa.

"Boriti zinacheza," alisema. "Kidogo. Kuna mahali vipande vyenu vinaanguka pawili."

"Mahali gani?"

"Mimi natengeneza ukuta, Bi Mize. Nyimbo ni zenu."

Siku ile Mize hakupiga kwa nguvu, alisikiliza. Mstari wa kwanza, pigo moja. Mstari wa pili, pigo moja. Mstari wa tatu, neno mvua lilikwenda vizuri, kisha lilipofika inaja, pakatokea kitu. Nusu ya wanawake walipiga kwenye na, kama mdundo ulivyotaka. Lakini na hiyo ilikuwa nyepesi, ikateleza chini ya kipande kama embe bichi, hivyo nusu nyingine, wakitafuta mahali pagumu pa kupiga, wakapiga kwenye ja. Vishindo viwili badala ya kimoja. Vilikaribiana mno, mtu asiyetega sikio asingevitenga. Na mstari wenyewe, ukiuhesabu, ulipungukiwa pumzi moja, ukachechemea mpaka kwenye dada ndipo ukasimama tena. Kwa wimbo ulioimbwa mara nyingi kutwa, kuchechemea huko ni boriti ngapi kutikiswa?

Akaelewa jambo jingine, na hilo hakulitaka. Wimbo huu ndio ulioimbwa juu ya paa lililomshukia Faki.

Aliliweka moyoni. Alirudi jikoni, kwani wapigiliaji hulishwa na mwenye nyumba, akakaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono wake ukakuna, mdomo wake ukanong'ona. Anala, inateleza. Amenywa, inateleza. Wataja, ndivyo hivyohivyo. Akajaribu akija, akashangaa kuona pigo linatulia kwenye ki bila wasiwasi. Akala, likatulia kwenye ka. Kwa nini ki na ka zina mabega, na hizi nyingine, na, me, ta, li, hazina, Mize hakujua, na wala mimi sijui. Watu wa aina zote mbili wapo katika kila ukoo. Mwingine ukimpa mzigo anabeba, mwingine anakumbuka ghafla kwamba ameitwa mahali.

Akatafuta dawa. Alifikiri kulitupa neno na kutia jingine, lakini mvua ikija inakuja, utaiitaje? Ndipo alipomkumbuka Faki. Faki alikuwa hatupi boriti. Akiletewa boriti fupi isiyofika ukuta wa pili, wengine wangeikata kuni, lakini yeye alichomeka gogo dogo ukutani lichomoze kidogo, akailaza ile boriti juu yake, na uzito ukashuka kwenye gogo. Mize alimuuliza siku moja kwa nini asinunue ndefu. Faki akamjibu, "Fupi si mbovu. Imekosa pa kukaa tu."

Mize akaacha kukuna nazi. Neno hili lilikuwa na gogo lake tayari. Watu walipotaja kazi yenyewe walisema kula, kunywa, kuja, na hapo pigo lilikaa kwenye ku likatulia, kwani ku ilikuwa ngumu na haikuogopa kipande. Walikuwa wakiivua na kuiacha mlangoni kila walipotaka kusema nani anala na lini. Mize akaichukua, akaichomeka pale ukutani. Mvua inakuja, dada. Akapiga kifuu juu ya jiwe. Pigo moja. Mstari ukatimia pumzi zake, haukuchechemea. Akajaribu na maneno marefu, anapiga, anapika, anaenda, hayakuhitaji kitu. Boriti ndefu haiwekewi gogo.

Alilia kidogo pale jikoni. Alilia kwa furaha, na kwa sababu dawa ilikuwa rahisi kiasi hicho na Faki hayupo.

Siku iliyofuata, Kazija alipoimba mstari wa tatu, Mize aliitikia kwa sauti, "Mvua inakuja, dada." Waliokuwa karibu naye wakamfuata bila kufikiri, maana mkono ukionja kitu kilichokaa sawa haurudi nyuma. Upande wake wa safu ukatoa kishindo kimoja kizito. Upande wa pili, wa kina mama wakubwa waliomsikiliza Kazija, ukatoa viwili. Kazija akainua mkono. Vipande vikanyamaza.

"Nani ametia kitu katika wimbo?"

"Mimi, dada," alisema Mize. "Vipande vinapotea pale. Nimechomeka kigogo kimoja tu."

"Wimbo huu ni wa wazee. Maneno ya wazee hayatiwi maji kama mchuzi wa wageni wengi."

Baadhi ya wanawake wakaguna kukubali. Mize alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutoa neno kabla hajaligeuza apate kuona upande wake wa chini.

"Wazee walilala chini ya makuti, dada. Makuti yakianguka hayaui mtu."

Mize akalisikia neno lake mwenyewe, akatamani kulirudisha. Kazija aliteremsha mkono polepole.

"Kama wimbo una ufa, Mize, basi maliza. Sema nani aliuimba juu ya paa lile."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umeimba."

Kazija akaokota kipande chake, akajifunga kanga yake upya, akashuka ngazi. Kina mama wakubwa walitazamana. Wengine hawakutaka kuondoka, lakini kumwacha Kazija ashuke peke yake ilikuwa aibu ambayo wasingeweza kuibeba, nao wakashuka. Ikabaki safu moja, ya wanawake wa rika la Mize na wasichana. Upande wa pili wa sakafu ulibaki umelala mbichi, unang'aa kwa maji.

Fundi Vuai alitazama anga. Upande wa kusini palikuwa na wingu ambalo hakuna aliyelialika.

"Chokaa haijui kugombana," alisema. "Isipopigwa leo itakauka na nyufa zake. Mvua ikiiwahi itaisomba."

Mize angeweza kumfuata dada yake. Alifikiri kumfuata, akaenda hadi penye ngazi. Lakini kumfuata maana yake ni kumwambia kwamba wimbo ulikuwa mzima, kisha kurudi kuuimba ule wenye ufa juu ya kichwa cha Mwatima. Hilo hakuliweza. Na kumwambia kwamba wimbo ulikuwa mbovu ni kumtupia maiti mapajani. Hilo pia hakuliweza. Alirudi akachuchumaa mahali aliposimama Kazija, ingawa sauti yake haikuvuka hata uchochoro, akaanza yeye mwenyewe. Wakapiga upande wao, kisha wakahamia upande ulioachwa, wakapiga huo nao, mikono inachubuka, na kila walipofika pa mvua kishindo kilikuwa kimoja. Mwatima alipaza sauti kutoka chini, mwali asiyepaswa hata kusikika, "Mama! Haliingii! Vumbi haliingii!"

Wanawake wakacheka, wakapiga zaidi. Lakini sakafu ilikuwa pana na wao wachache, na wingu lilikwishavuka minara ya mji. Mize aliona wazi kwamba hawatafika ukingoni kwa wakati. Aliendelea kuimba kwa sababu hakuwa na la kufanya jingine.

Ngazi ikalia. Kwanza kikatokea kipande, kimewekwa juu ya sakafu na mkono usiotaka kukidondosha. Kisha akatokea Kazija mwenyewe, anahema, umri nao ulikuwa umekwenda, na nyuma yake wale kina mama wakubwa mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyesimamisha wimbo. Kazija alikuja akachuchumaa karibu na mdogo wake, akasema kwa sauti ambayo ilitosha wao wawili.

"Nimekaa barazani kwangu nikawasikiliza. Nilingoja pigo lipasuke. Halikupasuka."

Mize aliendelea kupiga.

"Siku ya paa lile lilipasuka, Mize. Nililisikia. Nikaona haya kuwasimamisha watu kwa jambo nisiloweza kulieleza, nikaimba tu. Nimelisikia tangu hapo, kila siku."

Hasira ilimpanda Mize mpaka machoni. Tangu alipousikia ule ufa alidhani dada yake hakujua. Alitaka kuweka kipande chini na kumwuliza alilalaje usingizi, alikulaje wali wa matanga. Lakini tone la kwanza la mvua lilikuwa limemdondokea mkononi, na chini ya miguu yao alikuwa Mwatima.

"Kaa pale, dada," alisema. "Safu yako iko wazi."

Kazija akaenda akakaa pale. Safu zikawa mbili tena, zinatazamana, na sakafu ikaanza kulia kwa kishindo kimoja kama mlango mkubwa unaofungwa, na kufungwa, na kufungwa.

Kulikuwa na desturi moja iliyobaki. Sakafu ikifika ukingoni, mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo huimba mwisho, akawataja waliokufa wa nyumba ile, ili wajue kwamba watu wao wamefunikwa. Mkubwa alikuwa Kazija. Hakuna mwingine angeweza kuimba mahali pake. Wanawake wakamtazama, naye akamtazama Mize, na Mize akainamisha kichwa, maana yake aimbe. Kazija akatoa ile sauti yake inayovuka mitaa:

Mvua inakuja, dada,
Piga kipande kipige,
Faki amekwenda zake,
Dari yake imekaa.

Wasichana walioshika haraka wimbo mpya wakainua vichwa. Mvua inakuja, sawa, dada mkubwa amekubali. Lakini amekwenda? Tangu zamani mstari ule ulikuwa Faki ameenda zake, Kombo ameenda zake, yeyote yule aliyekufa ameenda zake. Enda ni ndefu ya kutosha, inasimama yenyewe kutoka ukuta hadi ukuta. Haikuombewa gogo. Mize mwenyewe alifungua mdomo amsahihishe dada yake.

Kisha akaufunga. Mwanamke huyu alikuwa ameuacha ufa pale ulipohitaji gogo, kwa haya tu, na mtu akafa. Sasa alikuwa amepewa jina la mtu huyohuyo aliimbe, naye akamtilia gogo hata pale pasipohitaji, asije akaanguka tena. Kazija alikuwa anaimba na machozi yanamtiririka mpaka kwenye chokaa, na hakuyapangusa kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini. Mize akasikiliza pigo. Lilianguka palepale ambapo lingeanguka bila ku, halikuchelewa wala halikupasuka. Ilikuwa haina faida na haikudhuru kitu. Mize akaitikia, "Faki amekwenda zake," na wote wakaitikia nyuma yake, na mvua ikawakuta wamefika ukingoni.

Ilinyesha usiku kucha. Mize alilala chini ya sakafu ile pamoja na binti yake, Kazija akalala mkeka wa tatu, kwa kuwa barabara zilijaa maji na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aende. Asubuhi boriti zilikuwa kavu. Mize aliinua macho akazitazama, na tangu hapo hakutazama tena juu kila alipoingia nyumba ya mtu. Yaliyopita si ndwele, alimwambia dada yake alipokuwa akimpa uji, tugange yajayo. Hakusema kwamba amesahau. Mwatima aliolewa katika vyumba vile, akazalia humo, na binti zake wakajengewa juu yake.

Na tangu siku hiyo maneno mafupi hayatembei peke yake. Tunasema anakula, alikunywa, atakuja, amekufa, na ku inabeba pigo ambalo wenzake hawakuweza kulibeba. Pale pigo lilipopata bega, kama akila na akanywa, watu hawakuiweka, kwa sababu waashi hawachomeki gogo ovyo. Maneno marefu yakabaki yalivyokuwa.

Isipokuwa enda, na ndugu yake isha, ambaye upande wa Kazija walimtia gogo naye kwa kumfuata enda. Safu iliyokuwa upande wa Mize ilirudi nyumbani ikisema anaenda, kazi imeisha. Safu iliyokuwa upande wa Kazija ilirudi ikisema anakwenda, kazi imekwisha. Wakawafundisha watoto wao hivyo, na hao wao, mpaka leo, katika mtaa mmoja, hata katika nyumba moja, utasikia yote mawili. Wapo wanaopenda kuuliza lipi ndilo sahihi. Basi mkimsikia mtu anasema mwenzake amekwenda, mwacheni aseme. Mize alisikia kabla yenu, akiwa na haki ya kusahihisha kuliko ninyi nyote, akaitikia.